Tunanakili Uso wa Nani?

Wako wenzetu wanaoamini kwamba njia ya hakika ya kujifunza kuchora sura ya mtu kwa rangi za mafuta ni kunakili picha za mabingwa wa Italia wa karne ya 15 na ya 16. Wako wengine wanaoona kunakili ni dhambi. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyeanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, alishikilia kuwa anayenakili humlaza Mungu usingizi. Sisi hatuafikiani kikamilifu na upande wowote, ila ugomvi wetu mkubwa ni na wale wa kwanza.

Kunakili si aibu. Rubens alinakili picha za Tiziano hali yeye mwenyewe ni bingwa. Mkono hujifunza kwa kuufuata mkono uliotangulia, kama binti wa Kikisi pale Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, anavyojifunza kufinyanga kwa kumfuata mama yake. Lakini yule binti haishii kwenye chungu cha mama.

Tumepata kumwona kijana mmoja mjini Mbeya akinakili Mona Lisa kutoka katika kalenda. Alikuwa na subira ya kusifiwa: tabaka jembamba la rangi, kulisubiri likauke, kisha tabaka jingine. Alipoifikia milima iliyo nyuma ya yule mama, alitaabika juma zima kuupata ukungu wa Leonardo. Asubuhi zote hizo, nje ya dirisha lake, mlima Loleza ulikuwa umejitanda ukungu. Hakugeuka kuutazama.

Baadaye alijaribu kumchora bibi yake, Mnyakyusa wa Tukuyu. Alichanganya nyeupe na waridi kama alivyozoea, kisha akatia nyeusi ili kumfanya Mwafrika. Bibi akatokea kama aliyepakwa majivu! Hatumlaumu kijana. Alifundishwa kanuni ya ngozi moja, akaambiwa ndiyo kanuni ya ngozi zote. Hakuna aliyemwonyesha kwamba ngozi nyeusi hupokea buluu ya mbingu kwenye paji la uso, na kwamba kivuli chake kina wekundu wa udongo.

Kama ni lazima kunakili picha ya zama hizo, kwa nini asipewe ile ya Mwafrika iliyochorwa na Jan Mostaert yapata mwaka 1525, ambayo imo katika makumbusho ya Amsterdam? Sam Ntiro alisomea Makerere, kisha Slade mjini London, penye mabingwa wote wa Ulaya. Akaendelea kuchora migomba na watu wa Kilimanjaro. Mwaka 1960 makumbusho ya sanaa za kisasa ya New York yakachukua picha yake moja.

Mke wa mfanyabiashara wa hariri wa Florence anajulikana hata kwa watoto wetu. Mkwawa je? Fuvu lake, lililorudishwa mwaka 1954, limehifadhiwa Kalenga; mchoraji wa kwao aliyeketi mbele yake akatuachia sura yake hakuwapo. Wazee wa leo nao wanaondoka hivyo hivyo, na rangi tunazo.

Mwalimu wa Iringa na awape wanafunzi wake siku kumi za kunakili kazi ya Leonardo. Siku ya kumi na moja aigeuze kalenda ielekee ukutani, amwalike mzee wa Kalenga, ampe kiti karibu na dirisha.