Tovuti ya Madrasa na Haki ya Mgeni

Leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaliona geni katika ukurasa huu, nalo ni namna taasisi zetu zinavyotengeneza tovuti.

Mama mmoja mjane alitaka kumwandikisha mwanawe katika madrasa ya bweni. Akaambiwa kila kitu kimo tovutini. Akanunua kifurushi kidogo cha intaneti, akafungua simu yake, na kilichomlaki ni picha kubwa zinazopishana za viongozi katika hafla ya ufunguzi. Ada ni kiasi gani, muhula waanza lini, apige simu ipi, hayo hakuyaona. Kifurushi kikamalizika, naye akaja kuniuliza mimi, ambaye katika picha zile nimekaa safu ya mbele!

Ndugu wasomaji, anayeifungua tovuti ni mgeni aliyebisha hodi, tena mgeni aliyejilipia nauli. Haki yake ya kwanza ni kujibiwa lililomleta. Basi juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo pawekwe jina la taasisi, mahali ilipo, ada, tarehe za masomo, na namba ya simu iliyoandikwa kama maandishi ili aibonyeze na kupiga papo hapo. Historia na picha za hafla zina kurasa zake ndani. Na tangazo la Ramadhani iliyopita liondolewe.

Kisha kuna suala la uzito. Tahariri hii ikiwekwa tovutini kwa maandishi matupu haizidi kilobaiti 5. Picha moja iliyotoka katika kamera ya simu bila kupunguzwa yaweza kufika megabaiti 3, yaani zaidi ya tahariri kama hii 500. Fundi aweza kuipunguza kwa dakika chache na jicho lisione tofauti. Asipofanya hivyo, mwenye kulipa ni yule mjane, na sisi tunaofundisha watu ubaya wa israfu tunafuja mali ya wenzetu.

Rangi nazo zina taabu yake. Tunapenda kijani na dhahabu, na hapana ubaya, lakini maandishi ya manjano juu ya kijani hafifu humtesa mzee mwenye macho dhaifu. Shirika la W3C, linalosimamia kanuni za mtandao wa tovuti, liliweka mwaka 2008 kipimo kwamba tofauti ya mwanga baina ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1.

Kosa linalotuhusu zaidi sisi ni kuweka aya na dua kama picha. Asiyeona hutumia programu inayomsomea maandishi kwa sauti, na programu hiyo ikikutana na picha isiyo na maelezo haina la kumsomea. Mwanafunzi naye hawezi kuinakili wala kuitafuta. Kiarabu kiandikwe kwa herufi zenyewe, na katika msimbo wa ukurasa ioneshwe kuwa sehemu hiyo huanzia kulia. La sivyo alama za vituo huruka upande usio wake. Vilevile lugha itajwe, Kiarabu kwa herufi ar na Kiswahili kwa sw, ili programu ile isisome Kiswahili chetu kwa matamshi ya Kiingereza.

Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kuwa kuwajaribu watumiaji 5 tu kwatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za tovuti. Kamati zisijipime zenyewe, kwani aliyejenga nyumba hapotei njia ya chooni. Waitwe wazazi watano, mmoja wao awe bibi mwenye simu ya bei nafuu, waambiwe watafute ada na tarehe ya kufungua. Fundi akae pembeni akiwa amefunga mdomo, na kila kidole kinaposita, aandike.