Rangi Mpya, Kutu ya Zamani

Tangu Safari Rally iliporejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kutolewa humo mwishoni mwa 2002, barazani kwetu hayakatiki mazungumzo ya motokaa. Tena si zile mpya, bali zile kuukuu zilizotamba tulipokuwa watoto. Mbio za Safari Classic, zilizoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya magari ya zamani, nazo zimezidisha tamaa hiyo.

Chukua Datsun 240Z. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa gari hilo mwaka 1971, na Shekhar Mehta akashinda kwalo 1973. Lina injini ya silinda sita, lita 2.4, na kabureta mbili. Mpenzi wa mbio asiyelipwa na kampuni yoyote, atoaye mfukoni mwake, hulionea shauku kubwa. Mimi si mufti wa kumharamishia, maadamu hakukopa kwa riba wala hakuwanyima watoto posho yao.

Lakini soko lenyewe lina mtego. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka minane. Basi mnunuzi wa hali ya wastani hugombea yaliyobaki humu humu, nayo ni machache. Wanunuzi wakizidi mali, muuzaji hupandisha bei, na mnunuzi huona haya kuuliza asije akapokonywa tonge mdomoni. Hapo ndipo rangi mpya ifanyapo kazi yake.

Chuma cha 240Z huliwa kutoka chini: chini ya betri, sakafuni penye miguu ya dereva, na katika mihimili ibebayo bodi. Hewa ya chumvi ya Pwani huzidisha maradhi. Fundi mjanja huyakandika matundu, akapiga msasa, akapulizia rangi, gari likang'ara kama bibi harusi. Siku dereva atakaporuka shimo kwa kasi katika barabara ya vumbi, mhimili ukavunjika, kitakachopotea si fedha peke yake.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akagusa umajimaji uliofichwa chini. Alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akamkana mwenye kughushi. Sote tuliosoma chuoni tumeihifadhi Suratul-Mutaffifin. Tusidhani kwamba yahusu pishi na mizani tu. Fiqhi yatufunza kuwa ila anayoijua muuzaji ni wajibu aitaje, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kurudisha mali. Kusema "nauza kama lilivyo" hakumwokoi aliyejua akanyamaza.

Mnunuzi naye asikae kitako. Nyumba njema si mlango. Aende mchana, afuatane na fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji. Gari linyanyuliwe, alichungulie chini. Achukue sumaku aipitishe juu ya bodi: penye chuma itanasa, penye kandiko nene itaanguka. Nambari ya chesisi na ya injini azilinganishe na hati ya usajili. Akiambiwa gari lilipata kushindana zamani, aonyeshwe ushahidi, kwani sifa hiyo nayo hulipiwa. Kisha abakishe fedha za spea na za fundi, maana bei ya kununulia ni mwanzo tu wa gharama.

Ningependa wapenzi wa mbio hizi wazoee jambo moja: kila ila ya gari iandikwe katika hati ya mauzo, mbele ya mashahidi wawili, kama tufanyavyo tuuzapo shamba. Muuzaji mkweli hatapungukiwa na kitu kwa wino huo, na mnunuzi atajua anapanda chombo gani kabla hajakanyaga mafuta.