BEI YA RAV4 SI ILE UNAYOMPA DALALI



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi,

Kuna neno limekuwa kama kanuni hapa Rumonge na mwambao wote mpaka Nyanza-Lac: "RAV4 haifi." Dalali analisema, shemeji analirudia, na kijana aliyepata faida ya mawese ya msimu mmoja anakwenda kununua kwa neno hilo. Sisi tunasema wazi: neno hilo ni la uongo, na linazitia familia zetu hasara.

Tunasema kwa uchungu kwa sababu yametukuta. Tuliuza shamba la michikichi aliloliacha babu, tukanunua RAV4 ya mwaka 2001, saa yake ikisoma kilomita 98,000. Hatukumwita fundi. Tuliona haya kumdhania vibaya muuzaji, Muislamu mwenzetu! Miezi saba baadaye gia zikaanza kuteleza. Fundi mmoja wa Buyenzi akatuonyesha mafuta ya gia-boksi: meusi, yananuka kuungua. Tulipoitafuta karatasi ya Japani, tukakuta gari lilitoka huko likiwa na kilomita 187,000. Leo limesimama chini ya mwembe, na shamba letu anavuna mwengine.

Je, gari lenyewe ni bovu? Hapana, tuseme haki. RAV4 za mwanzo, zilizotoka 1994, zina injini ya 3S ya lita 2, ambayo mafundi wetu wanaijua vizuri na haina makuu. Lakini katika zile za pili, zilizoanza 2000, nyingi zilizoundwa kwa soko la Japani zina injini ya D-4, inayopuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda kwa nguvu kubwa. Injini hiyo inataka mafuta safi. Sasa tujiulize: mafuta yetu ni safi? Uhaba ulioibana nchi, hasa mwaka 2024 na 2025, uliwafanya wengi wanunue esansi ya vidumu iliyovushwa kwa magendo kutoka Kongo na Tanzania. Esansi ya kidumu mara nyingi ina maji na uchafu, na pampu ya D-4 haivumilii hayo. Dalali hatakuambia. Atakuambia "Toyota ni Toyota."

Ongeza barabara. Ziwa lilipofurika mwaka 2024, maji yaliingia mpaka mitaani. Gari lililopita kwenye maji na matope linakula beringi, breki na nyaya. Tena RAV4 nyingi huvuta magurudumu yote manne wakati wote. Ukifunga matairi mapya mbele na yaliyokwisha nyuma ili kupunguza gharama, unaisaga difu.

Wako watakaotujibu: "Mnataka mama mjamzito apelekwe hospitali usiku kwa baiskeli? Samaki wafike Bujumbura, zaidi ya kilomita 70, kwa miguu?" La! Gari ni neema. Ndiyo maana tunasema. Gari lililosimama chini ya mwembe halimfikishi mzazi hospitali.

Basi, ndugu zetu, tushike haya:

1. Nenda na fundi wako, si wa dalali. Aliwashe gari asubuhi, injini ikiwa baridi, atazame moshi. Mafuta ya gia-boksi yawe mekundu. Yakiwa meusi na yananuka, ondoka, hata kama rangi ya gari inang'aa.

2. Dai karatasi ya kusafirishia gari kutoka Japani. Kilomita zimeandikwa humo. Asiyeitoa ana sababu yake.

3. Usimalize pesa yote kwenye kununua. Sisi tunashauri sehemu moja kati ya nne ibaki nyumbani kwa ajili ya mafuta ya injini kila kilomita 5,000, mkanda wa taimingi kwa zile za 3S kila kilomita 100,000, matairi na bima. Kama haibaki, gari hilo bado si lako.

4. Usiuze shamba, wala usiingie kwenye riba, kwa sababu jirani kanunua. Shamba linalea wajukuu, gari linachakaa.

Na nyinyi wauzaji, wengine tunasimama nanyi safu moja msikitini. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono kwenye rundo la nafaka sokoni na kukuta unyevu umefichwa chini, alimkemea mwenye nalo. Kilomita zilizorudishwa nyuma ni unyevu huo huo! Sema aibu ya gari lako mbele ya mnunuzi, upunguze bei, upate baraka. Nasi wanunuzi tuache kuona haya kuuliza. Kuuliza si kumdhania mtu vibaya, ni kulinda amana ya watoto.

Wabillahi tawfiq.