Karte ya maji isifungwe mu biro

Ndugu watumikaji, tarehe 18 Februari 2025, kule Chambishi, Zambia, digi ya mabaki ya mugodi wa shaba ilipasuka. Asidi ikashuka mpaka mu mto Kafue, samaki zikakufa, mji wa Kitwe ukakatiwa maji.

Njia ya maji kama yale inaweza kuhesabiwa mbele digi haijapasuka. Iko programu ya ordinateri, HEC-RAS, ya maenjenieri wa jeshi la Marekani, na ni ya bure. Unaipatia urefu wa udongo, upana wa mto, wingi wa maji, tena vile chini ya mto kuko, juu majani na mawe yanachelewesha maji. Inakuonyesha maji yatafika wapi, na kisha dakika ngapi.

Shida ni vipimo. Vile vya bure vya SRTM vilipimwa toka angani Februari 2000, na kila alama inashika metre 30 kwa 30. Mito yetu midogo haifike upana ule, inapotea mu karte. Na tangu 2000, hapa Kolwezi, vilima vingapi vya udongo wa mugodi vimeota? Lazima mtu ashuke mu mto na kipimo.

Kule Brumadinho, Brazili, mwaka 2019, kantini ya watumikaji ilikuwa palepale mu njia ya matope. Watu 270 walikufa.

Kila kampuni yenye digi ipime mto wake kisha kila mvua, na ibandike karte kwa Kiswahili ku mlango wa mugodi na mu kartie. Badelege, mu mkutano ujao muombe karte ile. Wakikatala, jibu liandikwe mu proseverbali.