Miaka Saba Si Tarehe ya Kumchukua Mtoto

Nina steshenari jirani na mahakama hapa Dar es Salaam. Natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, na mtu akija na karatasi aliyoiandika kwa mkono namchapia. Mimi si wakili. Wanaojifanya mawakili huku nje tunawaita vishoka, na jina hilo silitaki, ndiyo maana mtu akiniuliza kama atashinda namwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria. Lakini ukikaa miaka ukichapa maneno ya watu, unajua wanaamini nini kabla hawajamfikia hakimu. Kwenye mashauri ya watoto, imani inayoongoza ni hii: "Akitimiza saba namchukua."

Wanaume wanaitamka kama mwenye nyumba anayesubiri mkataba wa mpangaji uishe. Kuna mmoja alikuja na begi jipya la shule, la bluu, lebo ya bei bado inaning'inia kwenye zipu. "Dada, niandikie kwamba Jumanne ijayo mwanangu anafikisha miaka saba, kwa hiyo mama yake anikabidhi." Nikamuuliza mara ya mwisho kutuma hela ya matumizi ilikuwa lini. "Sasa nitume hela ya nini, na mtoto hayuko kwangu?"

Wanawake nao wanaiamini, ila kwa upande wao. Wanadhani kabla ya siku hiyo hakuna wa kuwagusa, na kuanzia kesho yake hawana chao. Wapo wanaohama mtaa mtoto anapokaribia darasa la kwanza, wanabadilisha shule na laini ya simu, wanaishi kama waliofanya kosa.

Sheria haikusema hivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inaweka dhana kwamba ni kwa manufaa ya mtoto wa chini ya miaka saba kukaa na mama yake. Dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Na kifungu hakiishii hapo: kinamtaka hakimu azingatie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha kutoka mlezi mmoja kwenda mwingine. Hakuna mstari unaosema akifika saba anakuwa wa baba. Siku anapozima mshumaa wa saba, dhana ndiyo inayoondoka. Kipimo kikuu kinabaki kilekile cha tangu mwanzo, yaani ustawi wa mtoto. Mama aliyemlea vizuri hadi Jumatatu hageuki kuwa mama mbaya Jumanne.

Imani hii imetoka mbali. Kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, mila zilimhesabu mtoto wa ndoa kuwa wa upande wa baba, na kanuni za mila zilizotangazwa 1963 zikaliandika hilo. Mwanamume aliyezaa nje ya ndoa aliweza kumkomboa mtoto kwa kumlipa baba wa binti shilingi mia kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Shilingi mia hiyohiyo ilikuwa ndiyo ukomo wa matunzo kwa mwezi katika sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa, sheria iliyodumu kwenye vitabu mpaka ilipofutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Fikiria mama wa miaka ya tisini na kitu akienda kudai maziwa ya mwezi mzima kwa hela isiyotosha nauli ya kumpeleka mahakamani. Kwa Waislamu wengi wa pwani yetu nako umri wa saba unatajwa, ila katika madhehebu ya Shafii mtoto akifikia umri wa kupambanua mambo huulizwa yeye anamtaka nani. Hata huko hakabidhiwi kwa baba kama mzigo uliofika bandarini.

Kinachonisumbua zaidi ni karatasi wanazoniletea.

Baba mmoja alinitumia picha kwa simu nimprintie za rangi: sebule yenye vigae, televisheni ukutani, geti jeusi, gari limeegeshwa. Zote za kumwonyesha hakimu. Mtoto hayumo hata katika picha moja. Siku chache baadaye akaja mama anayeuza chapati, akatoa kwenye mfuko wa plastiki kadi ya kliniki iliyochakaa pembe, tarehe za chanjo zimejaa mpaka ya mwisho, risiti za dawa, na daftari la mtoto lenye sahihi yake chini ya kila kazi ya nyumbani. Alitaka kopi ya ukurasa mmoja tu wa ile kadi, kwa kuwa alikuwa anahesabu hela ya kopi. Nikampigia zote. Alidhani hizo si ushahidi. Alikuwa na wasiwasi na geti la mwenzake.

Ndoa zilishapita kwenye ugonjwa huu upande wa mali. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Tumekubali kwamba kupika na kufua kunahesabika wakati wa kugawana nyumba. Sasa mbona tukifika kwa mtoto tunarudi kuulizana nani mwenye nyumba? Tofauti ya kipato ina dawa yake, nayo ni matunzo. Mwenye geti atoe hela, mtoto alale anakolelewa.

Wala si kwamba mama ndiye anayestahili siku zote. Nilimchapia dereva wa bodaboda ambaye mama wa mtoto alikwenda kufanya kazi za ndani Muscat binti yao akiwa hajaanza hata kutembea. Alirudi mtoto ana miaka mitano na nusu, akamtaka, na watu wakamwambia ana haki kwa kuwa saba haijafika. Yule baba alijua binti yake anatumia pafu ngapi za dawa ya pumu usiku wa baridi. Alijua jina la mwalimu wa chekechea, na la mtoto anayemchokoza darasani. Alipokuwa ananisomea nichape alikuwa ananyanyua mikono kuonyesha anavyomsuka nywele, mistari miwili tu, zaidi ya hapo hawezi. Kwa maisha kama hayo dhana ya miaka saba inaweza kuvunjwa, na maneno yale ya kutomvuruga mtoto yanamsaidia baba. Walikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, wakakubaliana mtoto abaki kwa baba wakati wa masomo na likizo aende kwa mama. Najua kwa sababu walirudi wote wawili kwangu kuchapa makubaliano, wakabishana kidogo kuhusu Idi.

Kuhusu hela niseme kwa ufupi, maana hapa sheria iko wazi kuliko watu. Sheria ya Ndoa inamtwika baba wajibu wa kuwatunza watoto wake wawe kwake au kwa mtu mwingine. Sheria ya Mtoto inawataka wazazi wote wawili. Yule wa begi la bluu hakuwa na kisingizio hata siku moja. Vilevile mama anayetaka niandike "asimwone mtoto mpaka alipe deni" anaomba kitu asichoweza kupata, kwa sababu kumtembelea mzazi na kukaa naye ni haki ya mtoto. Deni linadaiwa kivyake. Kiwango hakijapangwa na sheria. Mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Kwa hiyo mtu akiniambia "andika laki tano" namrudisha kwenye benchi na kalamu: ada, daladala, chakula, dawa, viatu. Mara nyingi hesabu inatoka chini ya laki tano, lakini inasimama.

Na anayekana mtoto ajue mambo mawili. Jina lake kwenye daftari la vizazi, au kumtambua mtoto mbele ya watu, ni ushahidi, na kukataa kupimwa nako kunaweza kumgeukia. Pili, kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali hakiombwi dirishani kama kopi yangu. Ombi linapitia mahakama, ustawi wa jamii, polisi au wakili.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Desemba mtoto anapelekwa kwa bibi kusalimia. Januari harudi. Anayebaki anapokea ujumbe wa simu: "Ameshaandikishwa shule huku, usijisumbue." Wanaofanya hivi ni baba na mama, shangazi na babu, matajiri na wasio na kitu. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu mwenye malezi yake halali, lakini wengi walioachana hawana amri yoyote ya mahakama, kila mmoja anaona yeye ndiye halali, na polisi wa dawati la jinsia na watoto wakipigiwa wanasema mpelekane mahakamani.

Wakifika, shauri linaanza kutembea kwa mwendo wake. Wito haujamfikia mdaiwa. Hakimu yuko likizo. Ripoti ya ustawi haijatoka, afisa ana kata nzima peke yake na hana usafiri. Kuna anayeambiwa kwanza aende baraza la usuluhishi la ndoa, wakati anachotaka ni mtoto na wala hajadai talaka. Talaka ndiyo inayopitia barazani, ila malezi na matunzo peke yake yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Watoto moja kwa moja. Mwezi unaingia mwezi. Siku shauri linaposikilizwa, mtoto amemaliza mwaka katika shule mpya, ana ripoti ya muhula wa pili, ana marafiki, ameanza hata kuongea kwa lafudhi ya huko. Hapo wakili wa aliyemchukua anasimama, anafungua kifungu kilekile cha 125, anasoma kwa sauti maneno ya kutomvuruga mtoto. Na kwa wakati huo anasema kweli. Maneno yaliyowekwa kumlinda mtoto yanakuwa zawadi kwa aliyemchomoa, na karani wa kuifunga zawadi hiyo ni ucheleweshaji.

Hiyo ndiyo lawama yangu kwa mahakama zetu, na naitoa kwa heshima, kwa sababu mlango wa mahakama ndio unaonilisha. Tunajadili sana nani apewe mtoto mwishoni, tunapuuza alale wapi wakati shauri linaendelea. Ombi la amri ya muda chini ya hati ya dharura lisikilizwe ndani ya siku chache, na jibu la kawaida liwe moja: mtoto arudi alikokuwa akiishi na kusoma kabla ya kuchukuliwa, isipokuwa kama huko kuna hatari kwake. Halafu wazazi wabishane mpaka wachoke. Aliyemchukua mtoto akijua kwamba wiki mbili zijazo atamrudisha, atafikiri mara mbili kabla ya kumnunulia begi. Nyongeza yangu ni kwamba Bunge likifika kuifanyia marekebisho Sheria ya Ndoa, liyaangalie maneno yanayomtaka hakimu azingatie pia mila za jamii ya wazazi. Mila gani, ya mtoto aliyezaliwa Mbagala na baba Mhaya na mama Mmakonde? Mmakonde anahesabu ukoo kwa mama.

Wazazi hawapaswi kusubiri Bunge. Mliokubaliana kwa mdomo, pelekeni makubaliano yenu kwa afisa ustawi yaandikwe: mtoto anakaa wapi, anakwenda lini, anarudishwa tarehe gani. Anayelea aweke kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, risiti na ripoti za shule mahali pamoja, hata kama hagombani na mtu leo. Na ambaye mtoto wake alikwenda likizo hakurudi, aende ustawi wa jamii wiki hii hii, na akifungua shauri aombe pamoja nalo amri ya muda. Akikaa mpaka muhula uishe hatakuwa tena anamwomba hakimu amrudishe mtoto. Atakuwa anamwomba amhamishe, na hilo hakimu ana sababu ya kisheria ya kulikataa.