Dada, Inua Kiti Kwanza: Gari la Mirathi, Gari la Harusi na Rangi Yake ya Asili



Msimu wa harusi ukikaribia huwa tunazungumza kuhusu hina, piko, mashela na kumbi. Leo tunaomba mtuvumilie tuzungumzie viti vya gari. Tena si gari la kila siku, bali ni lile gari dogo la Kiingereza la zamani, la viti viwili na paa la kukunja, ambalo bibi harusi akishaingia na shela lake, somo wake hana pa kukaa.

Sababu ya mazungumzo haya ni dada yetu mmoja anayeishi Uingereza. Wazazi wake ni watu wa Unguja, yeye kazaliwa huko huko. Baba yake, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha Triumph TR6, gari lililotengenezwa Coventry kati ya 1968 na 1976. Lilikuwa limelala gereji miaka mingi chini ya turubai. Viti vyake vilikuwa vyeusi, vimechanika, sponji inachungulia.

Harusi ya dada huyu ilipopangwa, kaka yake mkubwa akaja na shauri: viti vivuliwe vyote, vishonwe vipya vyeupe vifanane na shela, harusi ipite, kisha gari liuzwe. Na katika tangazo la kuuza aandike kwamba ndani kumerudishwa kama lilivyotoka kiwandani. Kaka mdogo akapinga. Alisema viti vya asili vilikuwa vyekundu, akatoa picha ya harusi ya wazazi wao kuthibitisha. Mama yao akasema, "Wanangu, viti vile vilikuwa rangi ya halua." Hakuna aliyemsikiliza.

Msimamo wetu tunausema mapema. Kubadilisha rangi ya viti si haramu. Gari ni mali, na mwenye mali ana ruhusa ya kuipamba. Lakini kubadilisha bila kwanza kujua kilichokuwepo ni kupoteza kitu usichokijua, na kuuza kilichobadilishwa kwa jina la asili ni ghushi. Na tunasema pia kwamba mambo haya si ya wanaume peke yao.

Rangi hujulikanaje?

Kwenye magari ya Triumph ya miaka ile kuna kibao kidogo cha chuma chenye namba ya gari. Humo kuna namba mbili nyingine ambazo wengi huzipita bila kuzitazama: moja ya rangi ya bodi, nyingine ya rangi ya ndani. Tarakimu ya mwisho hutaja ukoo wa rangi. Moja ni weusi, mbili ni wekundu, tatu ni kahawia, nne ni manjano, tano ni kijani, sita ni buluu na tisa ni weupe. Kwa hiyo 11 ni nyeusi na 19 ni nyeupe. Kibao cha marehemu kilisema bodi 19, ndani 33. Namba 33 kiwandani iliitwa New Tan, kahawia yenye joto ndani yake. Viti vyekundu vingekuwa na namba inayoishia na mbili.

Mama alisema halua, na kibao kikasema halua.

Lakini kibao peke yake hakitoshi. Vibao vipya vinauzwa, na mtu anaweza kugongesha namba aitakayo. Hapo ndipo huja hati. Jumba la makumbusho la magari la British Motor Museum, huko Gaydon, lina kumbukumbu za viwanda vya MG, Austin-Healey, Triumph na vinginevyo. Kwa malipo, mwenye gari huandikiwa hati inayoonyesha gari lilitengenezwa lini, lilipelekwa wapi, na lilitoka na rangi gani nje na ndani, kwa kadiri kumbukumbu zake zilivyosalia. Kwa wenye Jaguar, hati kama hiyo hutolewa na Jaguar Daimler Heritage Trust. Mwenye MG asijisumbue kuikodolea macho namba ya gari, kwa kuwa namba hiyo peke yake haimwambii rangi ya viti. Aende moja kwa moja kwenye hati.

Hata hati ina mpaka wake. Itakuambia "nyekundu", lakini wekundu wa namna gani? Damu ya mzee si sawa na nyekundu ya pilipili. Jina la rangi liko kwenye karatasi, ila sura yake iko kwenye gari lenyewe. Ndipo unapopaswa kuinua kiti.

Jua na mikono ya watu ndivyo viharibifu vikubwa vya rangi. Nyekundu hupauka ikaelekea chungwa au waridi, buluu hugeuka kijivujivu, kahawia hukosa joto lake. Kwa hiyo usihukumu kwa kutazama pale watu wanapokaa. Tafuta pale jua lisipofika: chini ya kiti ambako kitambaa kimekunjwa na kubanwa, ndani ya mikunjo ya mshono, nyuma ya ubao wa mlango, chini ya ukingo wa kapeti. Mafundi wengi wa zamani hawakuwa na subira ya kuvua cha zamani, wakashona kipya juu yake. Ukifungua pole pole unaweza kukuta tabaka mbili au tatu, kama kuta za nyumba za Mji Mkongwe zilizopakwa chokaa juu ya chokaa.

Safisha kona ndogo kwanza kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini, maana uchafu wa miaka hamsini nao una rangi yake. Kisha itazame nje, kwenye mwanga wa mchana. Taa ya gereji hudanganya, kama taa ya duka inavyokudanganya kwenye kitambaa cha nguo ya sare.

Kama viti ni vya ngozi halisi, usigeuze ngozi ukadhani rangi ya nyuma ndiyo ya asili. Ngozi nyingi za wakati ule zilipakwa rangi juu tu, nyuma zikabaki na rangi yake ya kiwanda cha ngozi. Na kwa dada mwenye wasiwasi wa twahara: ngozi ya viti vya Jaguar vya miaka ile, iliyotoka kwa Connolly wa London, ilikuwa ya ng'ombe. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ngozi ya mnyama hutwaharika kwa kudibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. TR6 ya marehemu haikuwa hata na ngozi, ilikuwa na leza ya plastiki.

Katika gari la marehemu, jibu lilipatikana mlangoni. Mtu fulani, zamani, aliipaka mbao za milango rangi nyeusi ili zifanane na viti vyeusi. Hakujisumbua kufungua mkono wa kupandishia kioo. Ulipofunguliwa, chini yake palikuwa na duara dogo la kahawia safi, kama jana. Na chini ya kiti cha dereva, ndani ya upindo, kulikuwa na kipande cha leza ya rangi ile ile.

Na ile picha ya kaka mdogo? Picha za rangi za karatasi za miaka ya sabini huharibika kwa miaka, na nyingi hugeuka wekundu. Dada yetu aliitazama tena akaona jambo ambalo wote walilipita. Kanzu ya baba yake ndani ya picha ilikuwa ya waridi. Na hakuna bwana harusi wa Unguja aliyeoa kwa kanzu ya waridi! Ikiwa kanzu nyeupe imekuwa waridi, basi na kiti cha halua kimekuwa chekundu. Ukitumia picha ya zamani, tafuta kwanza kitu unachojua kwa yakini kuwa kilikuwa cheupe, kisha ndipo uamini kilichobaki.

Kwa nini tunalishikilia jambo hili

Wengi wetu tulisomeshwa chuoni kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya fungu la chakula, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilichorowa juu watu wakione, akaonya kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Kimepokewa na Abu Huraira, na kimo katika Sahihi Muslim.

Tazameni alivyofanya. Hakutosheka na sura ya juu, alitia mkono chini. Mnunuzi wa gari la zamani anayeambiwa "ndani ni pa asili" mara nyingi hawezi kutia mkono. Anategemea neno lako. Kwenye magari haya asili ni sehemu ya thamani, na mtu hulipia zaidi kwa sababu ya neno hilo. Ukimwuzia viti vyeupe vya mwaka huu kwa jina la kiwanda cha Coventry, fedha ya ziada uliyopata umeipata kwa njia gani?

La pili ni mirathi. Gari la marehemu si la kaka mkubwa, hata kama ufunguo uko mfukoni mwake. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, linabaki mali ya warithi wote mpaka ligawiwe. Marehemu huyu aliacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na wazazi wake walishatangulia. Ukiligawa gari hilo mafungu 40, mama ana 5, kila kaka ana 14, na dada yetu ana 7. Kushona viti vipya Uingereza si kazi ya senti mbili. Fedha hiyo ingetoka kwenye mafungu ya wote, pamoja na ya mama mjane ambaye hata kauli yake kuhusu rangi haikusikilizwa. Ridhaa ya warithi haipatikani kwa kunyamazishana.

Ndiyo maana tunasema mambo haya si ya wanaume tu. Dada anayesema "mimi sijui magari" amekabidhi fungu lake kwa anayejua. Kusoma namba mbili kwenye kibao hakuhitaji kuwa fundi.

Bibi harusi na gari la kukodi au la familia

Tunajua hoja ya bibi harusi. Siku ni moja, picha ni za maisha, na viti vyeusi vilivyochanika havipendezi. Hatumlaumu. Lakini kwa siku moja kuna njia nyepesi. Tandika shuka jeupe la pamba, libane vizuri nyuma ya kiti, na siku ya pili likunje. Lina faida nyingine pia. Piko ambalo halijakauka, mafuta ya udi, na bui jipya jeusi linalotoa rangi, vyote huacha alama kwenye viti vya rangi nyepesi, na alama ya wino kwenye leza haitoki kirahisi. Gari ni la mtu, nalo ni amana kwa saa hizo chache.

Na ukiamua baadaye kushona upya, shona. Weka kipande cha kitambaa cha asili ndani ya bahasha, andika tarehe, kihifadhi na hati za gari. Atakayelipokea baada yako asiachwe kubahatisha.

Dada yetu aliolewa kiangazi hicho hicho. Viti vilitandikwa shuka, bwana harusi akaendesha, na mama mtu akasimama mlangoni akitazama gari alilotoka nalo yeye mwenyewe akiwa bibi harusi. Baadaye warithi wote walikubaliana kuuza. Tangazo lilisema wazi: namba ya ndani ni 33, viti vilifunikwa nyeusi, milango ilipakwa rangi. Mnunuzi wa kwanza akashusha bei.

Kaka mkubwa hakufurahi. Akamwambia dada yake, "Unaona? Ukweli wako umetugharimu."

Naye akamjibu, "Umenigharimu na mimi, kaka. Mafungu yangu saba yamo humo humo."

Hatutawaambia kwamba ukweli huongeza bei kila mara, kwa sababu hauongezi. Mara nyingine hupunguza, na mara nyingine unapunguza fungu la mjane na binti pia. Tunachosema ni kwamba kilichobaki kikaingia mikononi mwao ni halali yao, na mnunuzi akiinua kiti atakuta kile kile alichoambiwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu na mapenzi, na atujaalie kauli zetu chini ziwe sawa na zilivyo juu. Amin.