Picha ya bibi, lenzi ya kizamani na chupa ya soda stoo

Sebuleni kwa familia moja ya Chang'ombe, Dodoma, kuna picha ya babu iliyopigwa studio mwaka 1958. Amevaa koti, mkono mmoja uko kwenye mgongo wa kiti, na macho yanamtazama kila anayeingia. Babu hayupo tena. Bibi yupo, anaishi Mvumi, na hana picha hata moja ya maana zaidi ya ile ya kitambulisho cha taifa, ambayo mwenyewe anasema imempiga kama mtuhumiwa.

Mjukuu mmoja, aliyemaliza chuo na kuanza kazi, akajitolea kumpiga bibi picha itakayokaa ukutani pembeni ya ile ya babu, ikifanana nayo. Hakutaka programu ya simu ya kugeuza rangi. Alinunua kwa mtu kamera kubwa ya mbao, ile yenye mfuko unaokunjwa kama kodiani, ambayo mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi na kumwona mtu akiwa kichwa chini miguu juu kwenye kioo chenye ukungu. Filamu yake si mkanda, ni kipande kimoja kimoja cha inchi 4 kwa 5. Kamera ilikuja bila lenzi, na hapo ndipo familia nzima ikaingia kwenye mjadala.

Kamera ya aina hiyo ni sanduku tu, na sura ya picha hutoka kwenye lenzi. Kwa filamu ya ukubwa huo, lenzi ya milimita 150 huona takriban kama jicho linavyoona, na kwa picha ya uso wengi hupanda hadi 210 au 300 ili pua isivutwe mbele. Kabla ya yote muuzaji aulizwe kama lenzi inafunika filamu yote. Lenzi iliyotengenezwa kwa kamera ndogo itatoa duara la picha katikati na weusi pembeni.

Swali la pili ni "kizamani" ya mwaka gani. Wengi mtandaoni wakisema picha ya kale wanamaanisha ile ambayo uso uko wazi katikati na majani ya nyuma yanazunguka kama kimbunga. Hiyo ni kazi ya lenzi aliyoibuni Joseph Petzval kule Vienna mwaka 1840, ikatengenezwa na Voigtländer. Ilikuwa na tundu kubwa kuliko zilizokuwepo, ikapunguza muda wa mtu kukaa bila kutikisika kutoka dakika hadi sekunde. Ni lenzi nzuri, nzito, ya shaba, na siku hizi bei yake inaweza kununua mbuzi wa kutosha mahari.

Lakini picha ya babu haina kimbunga chochote. Macho yamekaa sawa, kola ya shati inaonekana uzi kwa uzi, na pazia la nyuma limefifia kwa utulivu. Studio nyingi za miaka ya 1950 zilitumia lenzi za ukoo wa Tessar, vioo vinne katika mafungu matatu, ambayo Paul Rudolph wa Zeiss aliibuni mwaka 1902. Haki za ubunifu zilipokwisha kampuni nyingi ziliiga, ndiyo maana lenzi za mtindo huo zimejaa sokoni na hazina bei ya kutisha. Anayetaka picha ya bibi ifanane na ya babu hana sababu ya kulipia Petzval. Mjukuu alichukia kusikia hivyo, maana alikwishaipenda ile ya shaba.

Shaba ina tatizo jingine hapa Dodoma, nalo ni jua. Lenzi nyingi za zamani hizo hazina shata. Mpiga picha huondoa kifuniko kwa mkono, anahesabu, anarudisha. Kwenye jua la saa sita mchana, filamu ya kawaida ya ISO 100 na tundu la f/4 vinahitaji mwanga uingie kwa sehemu moja tu ya 1,600 ya sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza. Itabidi kumwingiza bibi ndani, pembeni ya dirisha, na kufinya tundu, na ukishalifinya ule ulaini uliolipia unapungua. Lenzi ya milimita 210 iliyofungwa kwenye shata yake inamaliza ugomvi huo chini ya mwembe.

Kuna uso wenyewe pia. Picha nyingi za zamani zimewafanya wazee wetu waonekane weusi kuliko walivyokuwa, mpaka watoto wanauliza kama babu alikuwa na macho tu. Filamu za mwanzo ziliona rangi ya samawati na hazikuona nyekundu, na ngozi ya kahawia ina wekundu mwingi. Wapo wanaotumia leo filamu za eksirei kwenye kamera hizi kwa sababu ni rahisi kupata, nazo zina tabia hiyo hiyo. Karatasi ya picha ikitumiwa badala ya filamu ni hivyo pia. Kwa bibi mwenye ngozi nyeusi na mikunjo ya miaka themanini, filamu inayoona rangi zote ndiyo ya kununua. Na lenzi ya kabla ya vita ya pili, isiyopakwa dawa ya kuzuia mng'ao, husaidia kidogo, kwani mwanga unaozagaa ndani yake hupunguza ukali wa vivuli vya jua letu. Ivishwe kofia tu, jua lisiipige usoni.

Sasa yale yanayohusu ukurasa huu zaidi.

Katika kutafuta, mjukuu alikutana na lenzi ya Kodak iitwayo Aero Ektar, milimita 178, iliyotengenezwa kwa kamera za ndege wakati wa vita ya pili. Wapenzi wa mwonekano wa kale wanaililia kwa sababu ya tundu lake la f/2.5. Kioo chake kina thoriamu, madini yenye mionzi, na kwa miaka hugeuka rangi ya chai. Wazazi wa Bahi na Manyoni, ambako urani ilitafutwa kwa miaka, hawahitaji kuelezwa neno mionzi linavyozua hofu, kwa hiyo lisemwe kwa kipimo chake. Lenzi nzima, ikiwa kwenye kamera, haimdhuru anayepigwa picha. Mionzi yake hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali. Hatari iko kwenye ukaribu wa muda mrefu na kwenye vumbi. Haifai kukaa chini ya kitanda au kwenye kabati la chumba cha watoto, haifai kuwa kikuzio cha kuchezea machoni, na ikivunjika au mtu akijaribu kuisugua, unga wake usivutwe wala kumezwa. Usiitegemee kuchoka, kwani nusu uhai wa thoriamu ni takriban miaka bilioni 14. Nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu inaweza kuishi bila lenzi hiyo, na picha ya bibi haitapungua kitu.

Kubwa zaidi ni dawa za kusafishia picha. Mjukuu alipanga kusafisha filamu mwenyewe, stoo, usiku, na dawa akaziweka kwenye chupa za soda. Mama yake ndiye aliyeziona.

"Mwanangu, hii ni nini?"

"Dawa za picha, mama. Nimeandika kwa kalamu."

"Mdogo wako anajua kusoma?"

Hajui. Yuko chekechea. Dawa ya kwanza ya kusafishia mara nyingi ina haidrokwinoni, ile ile inayotajwa kila mara vipodozi vya mkorogo vinapokamatwa, na nyingine zina metoli inayowasha ngozi ya baadhi ya watu. Kwenye chupa ya soda, kwa macho ya mtoto mwenye kiu, zote ni kinywaji, kama mafuta ya taa yalivyomeza watoto wengi kwenye nyumba zetu. Chombo kiwe cha dawa hizo tu, kisichofanana na cha chakula, kiwe juu na kufuli. Mtoto akinywa, asilazimishwe kutapika na muda usipotezwe kumtafutia maziwa; apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, ili daktari ajue alichokunywa. Na anayesikia kuhusu njia ya kale ya vioo vilivyolowekwa dawa ajue kwamba mojawapo ya kemikali zake za asili ni potasiamu sayanaidi. Hiyo si ya nyumbani kabisa.

Mwisho wakanunua lenzi ya ukoo wa Tessar iliyokuwa Tanga. Walioitazama kwa tochi ya simu, mwanga ukipenya kutoka nyuma, waliona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui pembezoni. Ni kuvu, ugonjwa wa lenzi zilizokaa kwenye unyevu wa pwani. Ilikuwa kidogo, wakashusha bei. Hali ya hewa ya Dodoma hairutubishi kuvu, ila vumbi la Agosti ni la kwetu, na kipande cha khanga kikipita juu ya kioo chenye vumbi kinakwangua. Kipulizwe kwanza.

Bibi alipigwa Jumapili baada ya ibada, kivulini, saa kumi na moja jioni. Alikaa kwenye kiti kile kile cha kwenye picha ya babu, maana kipo bado, kimeshonwa upya mara mbili.

"Bibi, usicheke kwanza."

"Nikinuna si wataona nina deni?"

Vipande vinne vya filamu vilipigwa. Vitatu bibi alitikisika. Cha nne kimesafishwa, lakini si stoo. Mjukuu aliomba nafasi kwa mpiga picha mmoja mzee mwenye chumba cha giza, na zile chupa za soda mama yake alizipeleka huko huko. Fremu inasubiri fundi.